Kutumwa si kufundishwa: mwongozo kamili wa kumfundisha mtoto wa shule ya msingi kazi za maisha

Mwaka mmoja nilisimama mbele ya darasa la tano nikauliza nani anajua kupika chai. Mikono ikapanda yote, hadi ya wale ambao huwa hawanyooshi kidole hata ukiwauliza jina lao. Jumamosi iliyofuata nikawaita kumi na wawili, nikawapa jiko la mkaa, kiberiti, sufuria, majani, sukari, tangawizi na maziwa nusu lita, kisha nikakaa chini ya mwembe nikawatazama.

Saa nzima ikapita kabla ya kikombe cha kwanza. Hakuna aliyejua mkaa unapangwaje ili ushike. Maji yalijazwa hadi ukingoni kwa kuwa hakuna aliyehesabu vikombe. Maziwa yakafurika, yakazima nusu ya moto. Chai ilipoiva kila mtu alikunywa akaondoka zake. Sufuria ikabaki na ukoko, jiko likabaki linawaka.

Hawakuwa wamenidanganya. Nyumbani kwao huyu hutumwa majani dukani, huyu huambiwa "koroga hapo", yule huosha vikombe. Kila mmoja ana kipande chake, na anayeviunganisha vipande ni mama. Watoto wetu wanafanya kazi nyingi, tena kuliko watoto wa nchi nyingi, ila wanatumwa tu. Anayetumwa husubiri sauti inayofuata. Sauti ikinyamaza, kazi nayo husimama.

Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya jambo moja: mpe mtoto kazi nzima, tangu kutafuta vifaa hadi kuvirudisha mahali pake. Nimeuandika kwa mzazi, mlezi au mwalimu mwenye watoto wa miaka 7 hadi 13.

Hatua ya kwanza: tafuta pale kazi inapokatika

Kabla ya kufundisha chochote, chukua daftari na kwa siku tatu mtazame mtoto bila kusema. Andika kila kazi anayofanya, na mbele yake andika nani aliianzisha na nani aliimaliza. Utashangaa. Anaosha vyombo, lakini maji aliteka dada yake, na vyombo vikikauka anavipanga mtu mwingine. Anafagia uwanja, lakini taka zinabaki zimekusanywa pembeni mpaka mtu aseme. Mara nyingi hakuna haja ya kutafuta kazi mpya. Unachukua ile ile anayoifanya nusu, unamwongezea kichwa na mkia.

Ukichagua kazi ya kuanzia, iwe inayohitajika nyumbani kweli, imalizike ndani ya saa moja, na kosa lake liwe la bei ndogo. Uji ukiungua umepoteza unga kikombe kimoja. Usianze na kumwachia mdogo wake wa miezi sita.

Kwa umri, mimi hufuata mpangilio huu, ingawa wewe unamjua mwanao. Darasa la kwanza na la pili: kuoga na kupiga mswaki bila kusukumwa, kufunga kamba za viatu, kutandika kitanda, kuandaa begi usiku, kukariri namba ya simu ya mzazi. Darasa la tatu na la nne: kufua soksi na shati, kuosha vyombo, kutumia kisu kwa vitu laini, kwenda gengeni na kurudi na chenji sahihi, kushona kifungo. Kuanzia darasa la tano: moto, chai, uji, wali na ugali, kupiga pasi, bustani, na bajeti ndogo ya wiki.

Hatua ya pili: mfundishe kwa awamu nne, usiruke hata moja

Awamu ya kwanza, unafanya wewe, naye anatazama. Usifanye kimya kimya. Sema unachokiangalia: "Naona viputo vidogo pembeni ya sufuria, maji bado hayajachemka." Sisi watu wazima tumesahau mambo tunayoyaangalia bila kujua, na hayo ndiyo mtoto anayoyakosa. Tena msimame ubavu kwa ubavu. Ukisimama mkitazamana, mkono wako wa kulia unakuwa upande wa kushoto wake, atachanganyikiwa, nawe utasema ni mzito wa kuelewa. Na kama anatumia mkono wa kushoto, mwache autumie.

Awamu ya pili mnafanya pamoja, yeye anashika kifaa, wewe unajibu maswali. Awamu ya tatu anafanya peke yake, wewe umekaa karibu na mikono yako umeikunja. Hapa ndipo wazazi wengi tunapoharibu. Mtoto anakwama kwa nusu dakika, tunamnyang'anya: "Leta huku, unanichelewesha." Hesabu kimyakimya hadi ishirini kabla ya kufungua mdomo, na ukifungua, uliza: "Sasa kimebaki nini?" Usimpe jibu. Pale penye hatari ya kuungua au kujikata, hakuna kuhesabu, zuia mara moja.

Awamu ya nne uko chumba kingine. Anakuita akiwa amemaliza, na kumaliza maana yake vifaa vimerudi mahali pake.

Kazi moja huchukua wiki mbili hadi nne kupita awamu zote. Usimrundikie tatu kwa pamoja.

Kufua sare

Naanza na kufua kwa sababu sare huchafuka kila siku, na kosa la kufua halimuumizi mtu. Vifaa ni beseni mbili, ndoo ya maji, sabuni ya mche na ya unga, na kamba yenye vibanio. Avitafute mwenyewe. Usimpangie, maana kupanga vifaa ni sehemu ya kazi.

Kwanza mifuko yote ipekuliwe. Kalamu moja ya wino iliyosahaulika inatosha kumfundisha somo hili maisha yake yote, na kama shati ni kuukuu, mwache ajifunze hivyo. Kisha atenganishe: shati jeupe kwanza, sketi au kaptula ya bluu ifuate, soksi ziwe za mwisho. Kwa mpangilio huo maji yale yale ya povu yanafaa kwa zote, kutoka safi kwenda chafu. Kwa sehemu zenye shida ya maji jambo hili si dogo.

Shati liloweke dakika 15 hadi 20. Uchafu wa shati la shule uko sehemu tatu, yaani kola, ncha za mikono na mfukoni penye wino. Mtoto asiyeambiwa hufikicha tumbo la shati kwa nguvu zake zote na kuacha kola ikiwa nyeusi. Mwonyeshe kupaka sabuni ya mche kwenye kola yenyewe, kisha kufikicha kitambaa kwa kitambaa. Akifikicha kwa vifundo vya vidole atachubuka na kesho hatataka tena.

Suuza maji mawili. Mwambie alama: maji ya pili yakiwa hayatelezi mkononi, sabuni imetoka. Kukamua ni kazi ngumu kwa mikono ya miaka tisa. Wawili wakishika huku na huku wakasokota, inakuwa mchezo. Kabla ya kuanika nguo ikung'utwe kwa nguvu ili mikunjo ipungue, igeuzwe ndani nje jua lisiichubue rangi, na shati libanwe kwenye pindo la chini, kwa kuwa vibanio vikikaa mabegani huacha alama. Maji yaliyobaki yasimwagwe mlangoni, yaoshee choo.

Watu wengi huona kazi imekwisha hapo. Bado. Nguo inaanuliwa kabla ya umande, inakunjwa, inawekwa kabatini. Mtoto wa kwanza niliyemfundisha alifua vizuri sana Jumamosi asubuhi, jioni mvua ikanyesha, na Jumatatu akaja na kaptula ya michezo. Baada ya hapo sikuwa na haja ya kumkumbusha kuanua.

Kifungo

Hii ni kazi ya dakika kumi. Uzi usizidi urefu wa mkono, ukiwa mrefu unajifunga. Mwanzo ukatwe kwa mkasi mkali ili uingie tundu la sindano, kisha fundo mwishoni. Sindano itoke chini ya kitambaa, ipite tundu moja la kifungo na kurudi kwa jingine, mara tano au sita. Siri iko mwisho: kabla ya kufunga, zungusha uzi mara tatu kati ya kifungo na kitambaa ili kifungo kipate kishina. Bila kishina kifungo hubana kitambaa, na wiki ijayo kimeng'oka. Sindano ihesabiwe kabla na baada. Iliyopotea itafutwe kabla mtu yeyote hajakaa.

Jikoni: moto kwanza, chakula baadaye

Sifundishi mapishi mpaka mtoto aweze kuwasha na kuzima. Chini ya jiko la mkaa weka vifuu vya nazi, vijiti vikavu au karatasi, juu yake mkaa mdogo mdogo wenye nafasi za hewa, mkubwa ufuate moto ukishashika. Jiko liwe nje au barazani, mtoto asimame upande upepo unakotoka ili cheche zisimfuate. Kanga isiyofungwa vizuri, mtandio unaoning'inia na mikono mipana ya nguo havikaribii moto.

Makatazo ni mawili, na hayana mjadala. Mafuta ya taa au petroli haimwagwi kamwe juu ya moto uliokwisha kuwaka, hata kama unaonekana umezimika. Na jiko la mkaa haliingii chumba cha kulala, hata usiku wa baridi kali. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Mweleze mtoto sababu. Akijua kwa nini, atamzuia hata mgeni.

Kama nyumbani mnatumia gesi, kiberiti huwashwa kwanza, ndipo swichi ya jiko ifunguliwe. Akifungua gesi kisha aanze kutafuta kiberiti, moto utampokea usoni. Akisikia harufu ya gesi: hawashi chochote, hagusi swichi ya taa, anafunga mtungi kama anaufikia, anafungua madirisha na milango, anatoka nje kumwita mkubwa. Mfanyishe zoezi hili kwa vitendo, macho yakiwa yamefungwa, mpaka mkono wake ujue mtungi uko wapi.

Kisu kikali ni salama kuliko butu, kwa sababu butu hulazimisha nguvu na nguvu huteleza. Aanze na nyanya na ndizi mbivu, baadaye kitunguu na karoti. Bibi zetu hukatia mkononi bila kujikata. Mtoto akatie juu ya ubao, ncha za vidole vya mkono unaoshika zikunjwe kwa ndani, kiazi kikatwe nusu kwanza ili kilale kwa ubapa. Kisu hakitupwi ndani ya beseni lenye povu ambamo mkono mwingine utaingia bila kukiona.

Sasa chai. Watu wangapi? Kama ni sita, pima kwa kikombe kile kile kitakachonywewa: maji vikombe vinne, maziwa viwili. Maji na tangawizi iliyopondwa vichemke kwanza, majani yafuate, maziwa mwisho, na kuanzia maziwa yanapoingia mpishi haondoki. Povu likianza kupanda sufuria inainuliwa kwa vitambaa vikavu. Kitambaa chenye maji hupitisha joto hadi kwenye vidole, na mtoto akishtuka ataiachia. Chuja, mimina, funika. Kisha jiko lizimwe, sufuria ilowekwe papo hapo kabla ukoko haujakauka.

Uji unafuata chai. Unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi mpaka ulainike, ndipo umiminwe kwenye maji yanayochemka huku mkono unakoroga. Akimwaga unga mkavu kwenye maji ya moto atapata madonge, na hakuna mwiko utakaoyamaliza. Wali na ugali ningesubiri hadi darasa la tano au la sita. Ugali hasa, kwa sababu unataka nguvu ya bega na unatupa matone ya moto. Kwenye wali mweleze kwamba mchele mpya hunywa maji kidogo kuliko wa zamani, ili akipata bokoboko siku moja asidhani hajui kupika.

Dukani na gengeni

Mtoto wa Kiswahili hutumwa dukani tangu ana miaka mitano. Anapewa pesa, anatajiwa kitu, anarudi na kitu. Lakini nani alikagua chupa ya mafuta kama inatosha hadi Jumapili? Nani aliamua kununua nusu kilo badala ya robo? Hapo ndipo pa kumfundisha.

Mwezi wa kwanza ni chenji tu. Mfundishe kuhesabu kwa kupanda, kama wafanyavyo wauza duka wazoefu, badala ya kutoa. Tuseme bidhaa ni shilingi 3,400 na amelipa noti ya 5,000. Aanzie 3,400: sarafu ya 100 inafika 3,500, ya 500 inafika 4,000, noti ya 1,000 inafika 5,000. Chenji ni 1,600. Watoto wanaoshindwa kutoa kwenye karatasi hufanya hivi kwa mdomo bila shida, na nimeona alama zao za hisabati zikipanda kwa sababu hii. Chenji ihesabiwe pale pale mbele ya muuzaji, kwa adabu: "Shikamoo, naomba nihesabu hapa." Mwenye duka mzuri hatakasirika.

Mwezi wa pili ni kuchagua. Mpe pesa ya mboga ya jioni, mwambie chakula ni cha watu watano, arudi na alichokiona kinafaa. Atatoka gengeni na fungu la nyanya ambalo tatu za chini zimeoza. Usimrudishe wala usimkemee. Mkatie nyanya mbele yake, muone zinabaki ngapi. Kesho atazigeuza.

Mwezi wa tatu ni kuorodhesha. Ijumaa apite jikoni na karatasi, aandike kilichobaki na kinachohitajika, akadirie bei, ajumlishe, akuletee. Mnapunguza pamoja mpaka itoshee pesa iliyopo. Wazazi wengi huficha kwamba hela ni ndogo. Mtoto aliyeandaa orodha mara nne anaelewa bila kuhubiriwa, na hata kudai soda kunapungua. Simu ya pesa aione ikitumika, ajue kusoma ujumbe wa muamala, lakini namba ya siri haimhusu, na asiitaje kwa mtu yeyote anayepiga simu, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni.

Kiroba cha mchicha

Hata anayeishi nyumba ya kupanga ana nafasi ya kiroba kimoja. Kitobolewe chini, kijazwe udongo na samadi iliyooza. Mbegu za mchicha ni ndogo kama vumbi, kwa hiyo zichanganywe na mchanga mkavu ndipo zimwagwe kwenye mifereji isiyo na kina. Bila mchanga zote huangukia sehemu moja. Ndani ya wiki moja huchipua. Zikibanana zipunguzwe, na hizo zilizong'olewa zinaliwa. Kati ya wiki ya tatu na ya nne anavuna. Ninaupenda mchicha kwa mtoto kwa sababu hauchelewi. Ukimpandisha mwembe atakuwa kidato cha kwanza kabla hajaona embe. Maji ni asubuhi au jioni, na awe yeye tu. Ukimmwagilia kwa huruma siku alizosahau, umemnyang'anya bustani yake.

Mwili na dharura

Kunawa mikono ni sekunde 20 kwa sabuni, pamoja na migongo ya mikono na kati ya vidole. Pasipo na bomba tengenezeni kibuyu chirizi: dumu la lita tano, tundu la msumari chini kidogo ya mdomo, dumu linaning'inizwa kwenye mti kwa mpini wake, kamba kutoka shingoni mwa dumu inashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika bila mkono kuligusa. Sabuni ining'inizwe pembeni kwenye wavu. Darasa la nne wanaweza kukijenga wenyewe kwa nusu saa, na kitu alichokijenga mtoto hakivunjwi ovyo.

Mtoto wa miaka kumi anaweza kujua maji ya chumvi na sukari ya kumsaidia anayeharisha: lita moja ya maji safi ya kunywa, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kupara, si vya mlima. Chumvi ikizidi ni hatari, hivyo pimeni pamoja mpaka akariri kama jedwali la kuzidisha. Pakiti za dukani au za zahanati zikiwepo ni bora zaidi, na mgonjwa aliyelegea anapelekwa zahanati, haishii kwenye kikombe.

Akiungua: maji baridi ya kawaida yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20. Hakuna dawa ya meno, hakuna yai, hakuna mafuta, hata kama jirani anaapa. Damu za pua: akae, ainamishe kichwa mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua dakika kumi. Sisi tulifundishwa kuangalia juu, na damu ikaenda tumboni.

Barabarani, kwa kuwa kwetu magari hupita kushoto, aangalie kulia, kushoto, kisha kulia tena. Asipite mbele ya daladala iliyosimama. Pasipo na njia ya miguu atembee upande wa kulia, ili gari la upande wake alione likija.

Namba: ya mama, ya baba au mlezi, na ya jirani mmoja, zote kwa kichwa, ziimbwe wakati wa kuruka kamba. Tanzania, 112 ni ya dharura na 114 ni zimamoto. Namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bure Tanzania, na Kenya pia wanatumia hiyo hiyo. Mweleze wazi kwamba anaweza kuipiga hata kama anayemuumiza ni mtu wa nyumbani.

Ukiwa mwalimu mwenye darasa la watoto 80

Najua unachofikiria: jiko moja, watoto themanini. Ukigawa makundi kwa haraka, yule mwenye nguvu atafanya yote na wengine watarudi kwenye kutumwa. Nilichokiona kinafaa ni hiki. Wiki hii wawili wawili, jozi nne tu, wafanye kazi nzima mwanzo hadi mwisho. Waliobaki wana karatasi ya hatua na wanaweka alama: je, walirudisha vifaa? Wiki ijayo jozi nyingine nne. Kwa kifungo na kibuyu chirizi vifaa si shida, darasa zima linaweza siku moja. Vifaa vya jikoni vinatoka nyumbani kwa zamu, majina yameandikwa chini kwa rangi ya kucha, la sivyo utaitwa na wazazi kuhusu sufuria.

Na tafadhali, kazi isiwe adhabu. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo na wanafunzi washiriki kuamua mambo yake. Wengi wetu tuliofuata baadaye tulikutana na jembe pale tulipochelewa namba. Ukimwambia mtoto akafagie kwa kuwa amepiga kelele, umemfundisha kwamba ufagio ni aibu. Tafuta adhabu nyingine. Kuna mpaka wa upande wa pili pia: mtoto anayelima shamba la mwalimu au kuchota maji ya nyumba ya mwalimu hafundishwi stadi yoyote, anatumikishwa, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iko wazi juu ya kumtumikisha mtoto.

Kenya nao walijaribu. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) ulioanza 1985 ulileta ushonaji, useremala na sayansikimu hadi shule za msingi, na mzigo wa vifaa ukawaangukia wazazi. Ndiyo maana nasisitiza kazi zisizohitaji kununua kitu: sare anayo, sufuria ipo, uchafu upo.

Mvulana, dada wa kazi, na ule mkono unaorudia

Nyumba nyingi msichana hufundishwa na mvulana huhudumiwa. Kisha mvulana anaenda chuo, anaishi kwa chipsi miaka mitatu na kulipa mtu wa kumfulia. Orodha yote hapo juu ni yao wote wawili. Msichana naye abadilishe balbu, akaze msumari, afungue mtungi wa gesi. Kaka akisema kufua ni kazi ya kike, mwulize sare anavaa nani.

Penye dada wa kazi, kaeni naye mkubaliane. Dada mwenye huruma humalizia kazi ya mtoto ili asigombezwe, au yeye mwenyewe huogopa kuonekana hana kazi. Mweleze kwamba Jumamosi asubuhi beseni ni la mtoto, na asiliguse.

Kosa baya kuliko yote ni la kurudia kazi ya mtoto mbele ya macho yake. Ametandika kitanda, kimepinda kidogo, nawe unakuja kukinyoosha huku anatazama. Siku hiyo anajifunza kwamba hata akifanya au asipofanya mwisho wake ni ule ule. Kama lazima kirekebishwe, mwite arekebishe yeye. Kama si lazima, kiache kimepinda, mgeni hatalala humo.

Kuhusu kumlipa, mimi silipi kazi za nyumbani. Naweza kulipa kazi ya ziada ambayo ningemwita fundi. Wapo wazazi makini wanaofanya vingine na watoto wao hawajaharibika.

Siku ya mtihani

Mwisho wa muhula, wape kazi moja isiyo na maelekezo. Mimi husema: "Kesho saa nne asubuhi watakuja wageni watano, wanywe chai na kitu cha kutafuna. Hii hapa shilingi elfu kumi." Kisha natoka.

Ninaporudi sionji chai kwanza. Naangalia jiko kama limezimwa na majivu yamepoa mbali na ukuta. Naangalia sufuria. Naomba chenji na karatasi ya hesabu. Lile kundi la chini ya mwembe nililipa mtihani huu mwezi wa kumi na moja. Walinunua maandazi pungufu kwa sababu walisahau kujihesabu wenyewe, wakakata ya mwisho vipande vinne kwa uzi. Sufuria ilikuwa imegeuzwa juani, inakauka.